Kwato za Punda Hazitaki Haraka

Mtu aendaye mnadani kununua punda huwa na desturi zake za kumkagua. Humfungua kinywa akatazama meno ili akisie umri. Humpapasa mgongo aone kama una vidonda vya matandiko. Humpiga kofi aone kama ni mwepesi wa kwenda au mzito. Akisharidhika na hayo hutoa fedha zake, akamfunga kamba shingoni, akaondoka naye. Ni wachache mno wanaoinama, wakainua miguu minne mmoja mmoja, na kutazama kilicho chini yake. Hata hivyo mambo yote waliyoyakagua yamesimama juu ya hicho wasichokitazama. Punda mwenye meno mazuri na mgongo safi, lakini kwato zake zimeoza, ni kama lori jipya lisilo na magurudumu.

Fikra hii si ngeni. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, askari na mwandishi wa Uyunani aitwaye Xenophon aliandika kitabu juu ya farasi, akawaonya wanunuzi waanze kutazama miguu kabla ya kichwa. Kwa maoni yake, kama vile nyumba nzuri isivyofaa kitu ikiwa msingi wake ni mbovu, vivyo hivyo farasi wa vita hafai kitu ikiwa miguu yake ni mibaya. Akashauri pia ya kuwa mahali asimamapo farasi patandazwe mawe ya mviringo, ili kwato zipate kukomaa. Punda wa Limuru avutaye madumu ya maji, punda wa Mwea avutaye magunia ya mpunga, punda wa Lamu abebaye mawe na mchanga katika vichochoro visivyopitika gari, na farasi wa mashindano wa Ngong, wote wako chini ya sheria hiyo moja.

Ili kufahamu kwa nini ugonjwa wa kwato huchukua muda mrefu, yapasa kwanza kufahamu ukwato wenyewe ni kitu gani. Farasi na punda hawasimami juu ya wayo kama binadamu. Husimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu katika kila mguu, nacho ni kile ambacho kwa mkono wa mtu ni kidole cha kati. Ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Ukuta wake wa nje umeumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha za watu na pembe za ng'ombe, nao hauna damu wala maumivu. Ndiyo sababu mhunzi huweza kupigilia misumari ya kiatu cha chuma katika ukuta huo na farasi asishtuke. Lakini nyuma ya ukuta kuna nyama hai, na ndani ya nyama kuna mfupa. Mfupa huo haukukaa juu ya unyayo kama chungu juu ya mafiga. Umetundikwa ukutani kwa tabaka nyembamba nyingi zenye mikunjo, zilizopachikana kama vile mtu achukue vitabu viwili akaingiza kila ukurasa wa kimoja kati ya kurasa za kingine. Uzito wote wa mnyama, na wa mzigo wake pia, hutegemea mshikamano huo.

Ukuta wa ukwato huota kutoka juu, pale manyoya yanapokoma, ukashuka kidogo kidogo kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwezi, na mara nyingi pungufu ya hapo. Kwa hiyo sehemu iliyozaliwa leo karibu na manyoya itafika chini, upande wa mbele, baada ya muda unaokaribia mwaka mzima. Upande wa kisigino hufika mapema zaidi, kwa kuwa njia yake ni fupi. Ukuta ulioharibika haushonwi wala hauungwi. Kazi ya mwuguzi ni kungoja ule mbaya ushuke, aukate, na kuulinda ule mpya unaoufuata nyuma.

Hapo ndipo penye taabu kwa watu wengi. Ukwato huhesabu kwa mwaka, lakini mwenye punda huhesabu kwa siku. Maji ya leo yasipochotwa, fedha ya leo haipatikani. Na fedha ya leo isipopatikana, unga haununuliwi, na karo ya mtoto hucheleweshwa. Kwa ajili hiyo watu wamezoea kusema, "Afe punda, mzigo ufike." Methali hiyo ilikusudiwa kuwatia watu moyo wa kutimiza kazi waliyoianza, na kwa kusudi hilo ni methali njema. Lakini mtu akiichukua kama hesabu ya biashara itamdanganya. Mzigo wa leo ukifika na punda akafa, mzigo wa kesho utabebwa na nani?

Na siku hizi punda si kitu cha kupata kwa urahisi. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha ya kuwa Kenya ilikuwa na punda wapatao milioni 1.8. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta hawafiki milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, tangu 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda ambavyo ngozi zake zilipelekwa China, zikachemshwe kutoa gundi ya dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukazidi, na watu waliolala na punda wawili waliamka na kamba tupu. Serikali ilitoa amri ya kuvifunga vichinjio hivyo mwaka 2020, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana huko Addis Ababa kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Mtu aliyebakiwa na punda wake baada ya mambo hayo yote ana sababu njema ya kumtunza.

Punda ni mwana wa nchi kavu. Asili yake ni punda mwitu wa kaskazini-mashariki ya Afrika, na uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa alianza kufugwa upande huu wa mashariki wa bara yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwato zake ziliumbwa kwa ajili ya mawe na mchanga mkavu. Ni ndogo, zimesimama wima kuliko za farasi, na hunyonya maji upesi kuliko za farasi. Katika nchi kavu tabia hiyo haimdhuru. Lakini mnyama huyo huyo akisimamishwa usiku kucha katika tope la masika huko Kinangop, akikanyaga mkojo na samadi yake mwenyewe, kwato hulainika kama ngozi iliyorowekwa, na vijidudu hupata mlango.

Mlango wa kwanza uko chini ya ukwato, kwenye ile sehemu laini kidogo iliyo katikati yenye umbo la kabari. Mifereji ya pande zake ikijaa uchafu huoza, ikatoa utomvu mweusi wenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja hawezi kuisahau. Dawa ya uozo huu haianzi dukani. Huanza kwa kumhamisha mnyama mahali pakavu, kuichokoa mifereji kila siku, kukata kwa kisu kikali kilichokwisha kufa, na ndipo kupaka dawa ya kuua vijidudu, kama iodini iliyozimuliwa. Mwenye kupaka dawa kila asubuhi na kumrudisha punda topeni kila jioni hupoteza dawa na asubuhi zake.

Mlango wa pili ni wa jipu. Kijiwe chenye ncha au msumari huingia chini, usaha hujaa ndani, na kwa kuwa ukwato haunyumbuki, usaha hukosa pa kwenda. Punda aliyekuwa mzima jana leo hathubutu kukanyaga, hata watu wakadhani amevunjika mguu. Daktari hutafuta mahali penye usaha akapatoboa, na mara nyingi nafuu huja upesi. Baada ya hapo mguu hurowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli, ukafungwa kitambaa safi mpaka shimo likauke. Lakini kuna onyo. Tundu jembamba lililoingia ndani ni mahali vijidudu vya pepopunda vinapostawi, kwa kuwa havipendi hewa. Lugha yenyewe imeuita ugonjwa huo kwa jina la punda, na kwa kweli farasi na jamaa zake wote ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nao upesi kabisa. Chanjo yake ipo, na gharama ya chanjo ni ndogo kuliko gharama ya kaburi.

Mlango wa tatu ni ule mstari unaounganisha ukuta na unyayo. Vijidudu pamoja na ukungu huingia hapo, vikaula ukuta kwa ndani, hata mtu akiugonga husikia mlio wa kitu kitupu. Tiba yake humtia mwenye mnyama hofu, kwa sababu fundi hukata na kuondoa ukuta wote uliotengana, mpaka afike penye uzima, ili hewa iingie. Ukwato hubaki na pengo baya la kutazama, na pengo hilo hujazwa na wakati tu. Wako wanaoziba pengo kwa lami au kulimwagia oili iliyokwisha kutumika katika injini. Wafanyalo hao ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Mkubwa wa magonjwa haya ni ule waitao madaktari laminitisi, yaani kuvimba kwa zile tabaka zinazoutundika mfupa. Huletwa na mambo mengi. Mnyama aliyevamia ghala akala mahindi mengi kwa mara moja aweza kupatwa nao. Kadhalika farasi jike aliyebakiwa na kondo la nyuma tumboni baada ya kuzaa, au mnyama aliyeshikwa na homa kali, au aliyeegemea mguu mmoja muda mrefu kwa sababu mwenzake umeumia. Tena huwapata wanyama walionenepa kupita kiasi. Mwaka 2007 wataalamu wa Australia walionyesha ya kuwa insulini ikizidi katika damu kwa siku chache tu yaweza kuuleta ugonjwa huu hata katika farasi wadogo wazima wasio na kasoro. Na ndiyo maana unene, pumba nyingi, molasi na majani mabichi yenye sukari huhesabiwa kuwa adui wa kwato. Tabaka zikivimba huachana, na mfupa uliotundikwa huanza kuinama au kuzama kuelekea unyayo.

Farasi aliyepatwa huonekana upesi. Hutupa uzito nyuma, akanyoosha miguu ya mbele kama mtu asimamaye juu ya makaa, na mkono ukiwekwa juu ya ukwato huhisi joto. Punda huonekana kwa shida zaidi, kwa kuwa ni mnyama wa kuficha maumivu. Huenda mwendo ule ule, ila polepole. Hula, ila kidogo. Hulala chini mapema. Mwenyewe husema ni mvivu, akachukua fimbo. Kwa hiyo mara nyingi daktari huitwa wakati ugonjwa umekwisha kuwa wa siku nyingi, ncha ya ukwato imeanza kujipinda juu, na ukuta umejaa pete zilizo nyembamba mbele na pana nyuma. Pete hizo ni kama kitabu cha historia. Ajuaye kuzisoma huona ya kuwa mnyama huyo aliumwa miezi mingi na hakuna aliyemsikia.

Na achukuliwe mfano wa mtu mmoja, ambaye aweza kuwa yeyote kati ya wengi. Ana mke na watoto, shamba dogo, punda mmoja na mkokoteni. Usiku mmoja punda akakata kamba, akaingia ghalani akala mahindi hata akachoka. Siku ya tatu akawa mzito wa kwenda, akapigwa, akaenda. Wiki ya pili akalala katikati ya barabara na mkokoteni nyuma yake, akakataa kuinuka. Ndipo daktari wa mifugo alipoitwa.

"Ameanza lini, Mzee?" daktari aliuliza.

"Wiki mbili sasa, Daktari. Nilidhani ni uvivu."

"Si uvivu. Angekuwa na sauti ya kusema angekwisha kulia zamani."

"Basi mpe sindano. Jumatatu shule zafunguliwa, nami sijapata karo."

"Sindano nitampa, ili maumivu yapungue. Lakini sindano hii si ya kumrudisha kazini."

"Atarudi lini?"

"Ukwato mpya ukifika chini, Mzee. Mwakani wakati kama huu, Mungu akijalia. Na hata hapo, kazi nyepesi tu."

Mzee hakujibu. Alikuwa akifanya hesabu, na kila aliye msomaji wa gazeti hili ajua ni hesabu gani.

Jambo la kwanza la kusemwa kwa haki ni kwamba mzee huyo si mtu mkatili. Dawa za kuondoa maumivu, kama fenilbutazoni, ni baraka kubwa. Lakini humtia mtu katika jaribu. Punda akishapewa huonekana amepona, na mkokoteni upo pale pale. Akifungwa siku hiyo, mfupa ulioachiliwa nusu hukanyagwa ukashuka zaidi, na kile ambacho kingepona kwa mwaka hakiponi tena. Dawa hizo zikitolewa kwa muda mrefu bila kipimo cha daktari hudhuru pia tumbo na figo. Tena iko sheria. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, huhesabu kuwa ni kosa kumtumia mnyama kwa kazi asiyoiweza kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Lakini aliye na njaa nyumbani hazuiwi na sheria peke yake. Yafaa aonyeshwe njia.

Njia yenyewe yaenda hivi. Mwezi wa kwanza ni wa kupumzika. Punda hutengenezewa mahali penye mchanga mzito au matandiko makavu ya majani, ili ardhi laini iusukume unyayo juu na kuusaidia mfupa. Chini ya kwato hufungwa kipande cha sponji nene kwa kitambaa, kikabadilishwa kinapobonyea. Mahindi, pumba na molasi huondolewa. Hupewa nyasi kavu na mabua, pamoja na maji safi. Walakini asinyimwe chakula kabisa, hata akiwa mnene. Punda aachaye kula ghafula, au anyimwaye, huyeyusha mafuta ya mwili wake yakajaa katika damu, na ugonjwa huo humwua upesi kuliko kwato. Kupunguzwa unene kwafaa kuwe kwa polepole, kama kila kitu katika maradhi haya.

Mwezi wa pili fundi wa kwato huanza kazi. Penye uwezo hupigwa kwanza picha ya eksirei, ili ijulikane mfupa umekaaje ndani. Kisha hutumia kisu na tupa, kidogo kidogo: hupunguza ncha iliyorefuka mbele, na kisigino kilichoinuka hukirudisha chini kwa kipimo. Fundi mwenye haraka hutaka kuufanya ukwato uwe mzuri siku hiyo hiyo, akakata mpaka damu. Punda huyo hataweza kusimama wiki mbili. Fundi mwema huacha kazi kabla haijapendeza macho. Hurudi baada ya wiki nne au sita, akapunguza tena, akarudi tena.

Mwezi wa tatu au wa nne huonekana ishara ya kwanza ya matumaini, nayo ni ndogo kiasi cha kupita bila kuonwa. Chini ya manyoya pana ukanda wa ukwato mpya, upana wa vidole viwili, laini, usio na pete, na mteremko wake ni wima kuliko ule wa zamani. Mahali hapo viwili vinapokutana pana kama pindo. Ukanda huo ndio unaoonyesha ukwato utakavyokuwa, ikiwa hapana kitakachouharibu. Mara nyingi wakati huo huo hutokea jipu, kwa kuwa nyama iliyokufa ndani hutafuta njia ya kutoka, na mwenye punda huvunjika moyo akidhani kazi yote imeharibika. Haijaharibika. Jipu hutobolewa, hurowekwa, hukauka, na safari huendelea.

Kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili, pindo hufika chini, na tupa huondoa kipande cha mwisho cha ukwato wa zamani. Wengine miongoni mwa wanyama hao hurudi kwenye kazi nyepesi. Wengine hubaki na miguu ya kutunzwa maisha yao yote, wakafaa kwa kuzaa tu au kwa kukaa. Ni vizuri mwenyewe aambiwe hayo mwanzoni.

Lakini yule mzee na karo yake? Hapo dawa ya punda yageuka kuwa habari ya watu. Mtu mmoja mwenye punda mmoja hawezi kungoja mwaka. Watu ishirini wenye punda ishirini waweza. Wenye punda wa kijiji wakijiunga katika chama, kila mmoja akatoa fedha kidogo kila wiki, kuna mfuko wa kumwita daktari na wa kumlipa fundi aje kwa siku moja kukata kwato za punda wote, kwa bei iliyo nafuu. Na punda wa mmoja akiugua, wenzake waweza kumwazima punda kwa zamu, siku moja moja, mpaka wake asimame. Atakayeazimwa leo ataazima kesho, kwa maana hakuna punda asiyeugua. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi ukwato. Huko Lamu, ambako mji mzima wa kale huchukuliwa mgongoni mwa punda, shirika moja la Uingereza lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987. Lakini mahali pengi hapana zahanati, na majirani ndio waliopo.

Liko swali la mwisho, nalo ni zito kuliko yote: ni lini mtu aache kuuguza? Haifai kudhani ya kuwa swali hili huwaelemea maskini peke yao. Tarehe 6 Mei 2006 farasi wa Marekani aitwaye Barbaro alishinda mashindano makuu ya Kentucky Derby. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mashindano ya Preakness mjini Baltimore. Alipelekwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mfupa ukaungwa kwa bamba la chuma na skrubu, ukaanza kupona. Lakini mwezi wa Julai ule mguu wa nyuma wa kushoto, uliobeba uzito badala ya mwenzake, ulishikwa na laminitisi, na sehemu kubwa ya ukuta wa ukwato ikaondolewa. Akauguzwa miezi mingine sita. Januari 2007 ugonjwa ukaingia katika kwato za mbele, na tarehe 29 ya mwezi huo wenyewe wakakubali adungwe sindano ya kumwondolea maumivu milele. Fedha zilikuwapo, mabingwa walikuwapo, na watu wengi walikuwa wakimwombea. Kilichokosekana ni mguu wa kusimamia wakati ukwato ukiota.

Basi dalili za kuacha ni zile zile kwa farasi wa mamilioni na kwa punda wa mkokoteni. Mfupa ukitokeza chini ya unyayo. Mnyama akiwa hainuki ila kwa kuinuliwa, hata akapata vidonda vya kulalia. Dawa zisipopunguza tena maumivu. Chakula kikiletwa asikitazame: hapo daktari aitwe ammalize kwa huruma, mara moja na bila hofu. Kumfukuza porini afie huko, au kumwuza kwa mtu asiyejua, si kumhurumia. Ni kumpa mtu mwingine mzigo ambao mwenyewe ameona uzito wake.

Mengi ya hayo yote yaweza kuepukwa kwa kazi ya dakika tano kila jioni. Mkokoteni ukishafunguliwa, kila mguu uinuliwe, uchafu uchokolewe kwa kijiti butu au chuma cha kuchokolea, mkono uguswe ukwatoni kupima joto, na pua isaidie macho. Mahali pa kulala pawe pameinuka na pakavu. Mlango wa ghala ufungwe. Kila baada ya wiki sita hadi kumi, kwa kadiri kwato zinavyokua na zinavyolika, fundi azikate, hata kama mnyama hachechemei.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Huenda ni kweli kwamba hajui kushukuru. Lakini amebeba maji, mpunga, mawe na kuni za watu kwa miaka elfu saba bila kulipwa, na mtu hajaulizwa bado shukrani yake mwenyewe ni ipi. Jibu laweza kuanza jioni hii, kwa kuinama na kuuinua mguu mmoja.